Sauti Iliyosema Musikimbie

Watu wa Nyawera wananiita Zabibu Redio, na sikasiriki, maana ni kweli. Meza yangu iko upande wa juu wa soko, pale motari wanapopaki pikipiki. Nachaji simu, nauza inite za kupiga simu na mega za intaneti, na mwenye hana simu ya kufungulia odio, zile sauti za WhatsApp, anakuja kwangu kusikiliza. Ndivyo vita ilivyotufikia sisi. Gazeti hakuna, televisheni ni ya mwenye umeme, na umeme wenyewe unakujaka ukitaka. Mutu anapokea odio, anaitransfere kwa shemeji, shemeji anaitupa kwa grupu ya kanisa, na ikifika kwangu naifungua sauti mpaka mwisho. Wauza mboga wanaacha mboga, wabeba muzigo wanatua muzigo. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hao wazee hawakujua WhatsApp; wangeijua, wangefunga midomo.

Lakini leo sizungumzi juu yangu. Nazungumza juu ya Maman Adolphine, muuza sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, jirani yangu wa meza, mwanamuke ambaye vita haikumugusa mukono wala muguu. Ilimukamata kwa masikio.

Adolphine alizaliwa Walungu, kwenye mihogo na maharagwe. Alikuja Bukavu akiwa musichana, wakati wa vita ingine, ile ya zamani. Sisi huku umri tunauhesabu kwa vita. Akaolewa na mwashi mumoja mupole, Papa Lucien, wakajenga Cimpunda, kule juu kwenye mulima ambako nyumba zimebanana na ukikohoa jirani anakuambia pole. Siku moja ya mvua udongo uliteremuka na Papa Lucien alikuwa anafanya kazi chini yake. Adolphine akabaki na mutoto mumoja, Delphin, na beseni moja. Akaanza kushuka ziwani asubuhi kununua sambaza kwa wavuvi, anapanda nazo kichwani mpaka Nyawera, anazipima kwa kikombe. Kwa hizo samaki ndogo alimulea mutoto, akamusomesha mpaka akafika umri wa kuota ndevu.

Tulipendana kwa kutukanana. Anasema, “Weye Mwislamu wa Uvira, kunywa chai yangu, haina nguruwe.” Miye namujibu, “Na weye Mushi wa Walungu, tembea polepole, hapa hakuna jembe.” Alikuwa anacheka na tumbo lote. Ila uvumi hakuupenda. Nikifungua odio za siasa, yeye anageuza kiti. Ananiambia, “Zabibu, hiyo domo ya kwa simu itatuua.” Haki ya Mungu, alisema hivyo.

Delphin naye alikuwa motari wa kituo chetu. Ee, ile sauti! Sijui Mungu aliitoa wapi. Nzito, lakini tamu, sauti ya mutu unayemuamini kabla hujasikia anasema nini. Kwenye ndoa ndiye anashika mikrofoni. Duka likifunguliwa wanamuita apige promo. Musichana anapanda pikipiki yake bila kuuliza bei. Bukavu nzima ilijua sauti ya Delphin, hata watu ambao hawakuwahi kuona sura yake.

Vita ilipokuja karibu, mwanzo wa mwaka, vijana wakaanza kwenda kujitolea kupigana, kulinda muji. Delphin akasema anaenda. Mama yake alimukatalia, akalia, akaita padri, akaita na miye. Tulimusema sana. Akatusikiliza vizuri, halafu asubuhi moja akavaa buti za mvua akaenda. Na siku ile ile, kabla jua halijafika katikati, odio ikafika kwa simu yangu.

Ilianza na salamu ya Mashi, lugha ya kwao, ile ya heshima, kama kijana anapoingia kwa wakubwa. Halafu: “Wandugu wa Bukavu, ni miye, Delphin wa Nyawera, munanijua. Niko hapa Kavumu, mustari wa mbele. Musikimbie. Wenye wanawaambia mukimbie, hao ndio adui. Sisi tuko wengi, tuko na nguvu, hawatapita hapa. Mulale usingizi. Na weye maman yangu, usiogope. Miye niko muzima.”

Subhanallah, soko lilipiga makofi! Laurette wa mboga alikuwa amefunga vikwembe vyake, vitenge vyote, avuke mupaka na watoto; akavifungua pale pale chini. Watu walirudi nyumbani. Walikuja kwangu kuisikiliza tena na tena, niliicheza mpaka betri ikachoka. Adolphine hakugeuza kiti siku hiyo. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono yote na magamba ya samaki, na salamu ilipofika akaiitikia kwa Mashi, kwa heshima, kama mutoto amesimama mbele yake. Tulicheka. Yeye hakucheka.

Muji ukaanguka. Sitaeleza sana, kila mutu wa Bukavu iko na siku zake zile, chini ya kitanda chake. Tulipotoka inje, wakubwa walikuwa wengine, na redio ile ile iliyosema tutulie kwa sababu adui yuko mbali sasa ilisema tutulie kwa sababu amani imefika. Laurette hatukumuona tena. Wengine wanasema alivuka, wengine wanasema hapana. Wavuvi wakarudi ziwani, maana tumbo halingojei vita iishe, na Adolphine akarudi na beseni lake.

Halafu odio ikarudi.

Ile ile. Lakini juu yake mutu ameandika: “Leo asubuhi, Nyangezi. Vijana wetu bado wako imara.” Baada ya muda ikarudi tena, imeandikwa Kamanyola, mbali zaidi, kule bondeni. Halafu wale wa upande ule mwingine, walioshika muji, nao wakaichukua, wakaweka kicheko mwishoni na ngoma, wakaandika: “Sikieni mwenye aliwaambia mulale usingizi!” Pande mbili zinauana, lakini sauti wanayotumia ni moja, ya mutoto wa muuza sambaza. Waseme njia ya muongo ni fupi! Ile ya kwetu ilifika mpaka kwa wandugu wa Ulaya, ikarudi Nyawera imenenepa.

Wakati huo kucheza odio za namna ile kwa sauti ilikuwa ni kujitafutia kifo. Kwa hiyo Adolphine alikuja karibu na meza, anajifanya ananunua inite, namushikia simu kwenye sikio, chini ya kikwembe. Anasikiliza. Anaitikia salamu kwa pumzi. Halafu ananiuliza, “Wameandika nini leo?” Namusomea. “Kamanyola,” anarudilia, taratibu, kama anajaribu jina la mukwe mupya.

Nilimwambia ukweli. Miye si mutu wa kuficha. “Adolphine, hii odio ni ile ile ya kwanza. Wanabadilisha maandishi tu.”

Akaniangalia kwa hasira. “Sauti ni ile ile kwa sababu mutoto ni yule yule.”

“Lakini anasema Kavumu! Masikio yako iko wapi?”

“Mufu hasalimiaka watu, Zabibu. Komea hapo.”

Nilikoma. Uchungu wa mwana aujuaye ni muzazi. Papa Jacques, kaka mukubwa wa marehemu Papa Lucien, alikuja Cimpunda na koti lake la kanisa. Alikuwa ameongea na kijana mumoja aliyetoroka kutoka njia ya Kavumu, na huyo alimuambia kikundi cha akina Delphin kilipigwa siku za kwanza kabisa, karibu chote. Papa Jacques alitaka misa isomwe na kilio kiwekwe, watu wakae, wapike, walie, ili ukoo upumue. Adolphine akamufukuza. Mushi kufukuza mukubwa wa bwana wake kwenye mulango! Jirani wote walisikia. “Huyo kijana alimuona Delphin anaanguka? Alimuona? Alete mutu mwenye alimuona, ndipo nitatandika turubai!” Kumuwekea kilio mutu aliye hai kunaleta kifo, kila mutu huku anajua, na Adolphine hakutaka kumuua mutoto wake kwa machozi. Papa Jacques alishuka mulima akitikisa kichwa.

Miezi ikapita hivyo. Alikonda. Sambaza anapima, kicheko kimepotea. Halafu odio ikaja imeandikwa Uvira: “Delphin wa Nyawera yuko na sisi Uvira, haogopi mutu.” Waliandika jina lake, wallahi. Kumbe alikuwa amekuwa mutu mukubwa.

Adolphine akakunja kikwembe akaniambia anaenda.

“Unaenda wapi?”

“Uvira. Nitapitia Kamanyola, niteremuke na bonde.”

Nikamupigia kelele mpaka motari wakageuka. Dada yangu Maisara anaishi Uvira, na alikuwa ameniambia kwa simu, akinong’ona, kwamba hata punda asipite njia ile: leo barabara ni ya hawa, kesho ya wale, na kila kizuizi kinakuuliza mutoto wako anapigania nani. “Na weye utajibu nini?” nilimuuliza. “Utasema ni yule wa odio? Wakikuacha hai upande huu, upande ule watafanya nini?”

“Nitajibu miye ni muzazi tu.”

“Adolphine, utakufa.”

“Basi nitakufa nikielekea kwake. Iko ubaya gani?”

Alikuwa na ombi moja. Alitaka odio iwekwe kwenye kadi ya memori, iingie kwenye karedio kake kadogo, ili huko chini akutane na watu awasikilizishe, aulize nani anajua sauti hii, aliisikia wapi. Nilikataa, halafu nikakubali. Niliona heri aende na kitu kuliko aende na mikono mitupu. Nikamuambia aje kwangu dimanshi baada ya misa yake, bwana yangu Idrissa atafanya.

Idrissa anatengeneza redio. Ni mutu wa maneno machache, Mungu alijua kunipa wa kunisawazisha. Siku hiyo alikuwa na bafle, spika kubwa ya watu wa ndoa, amemaliza kuifunga. Tulifunga mulango na dirisha, watoto nikawatuma kwa jirani. Adolphine alikuja na kikwembe chake cha sikukuu, muzigo tayari, safari ni kesho yake. Idrissa akaweka odio kwenye kadi, akachomeka kadi kwenye bafle ahakikishe imeingia.

Tangu mwanzo hatukuwahi kuisikia odio ile vizuri. Ama ni sokoni, kelele za motari. Ama ni kasimu kwenye sikio, chini ya kikwembe. Sasa sauti ya Delphin ilijaa chumba, ikagusa vikombe kwenye kabati. Adolphine akaitikia salamu. Delphin akasema Kavumu, akasema musikimbie, akasema hawatapita hapa. Hapo alipumzika kidogo, kuvuta pumzi. Na ndani ya ile pumzi, mbali, nyuma yake, jogoo akawika, na mwanamuke akaita: “Weee! Chai inapoa huku! Weee!”

Adolphine akaruka. “Rudisha!”

Idrissa akarudisha.

“Kuko mwanamuke! Mumesikia? Kuko mwanamuke huko, anamupikia chai!” Akapiga makofi, akacheka, kile kicheko cha tumbo ambacho nilidhani kimekufa. “Bikira Maria, asante! Na miye nalala nawaza anakula nini! Anamuita hata mara mbili, mumesikia? Anamuita kama mutoto wake. Nitamupelekea kikwembe. Zabibu, nipe mukopo wa kikwembe kizuri, nimupelekee huyo mama.”

Idrissa aliniangalia. Nami nikamuangalia. Miaka yote nakaa karibu na ile “Weee!” Ndiyo inayoita wateja wa sambaza kila asubuhi. Ningeijua hata kaburini. Lakini mutu hajuaka sauti yake mwenyewe, hata Adolphine hakujua ya kwake.

Nilitaka kunyamaza. Haki ya Mungu, miye Zabibu Redio, nilitaka kunyamaza. Angeondoka na furaha ile usoni. Lakini angeondoka, mwaona? Kesho yake, na njia ile, kwenda kumushukuru mwanamuke asiyekuwepo.

“Adolphine,” nikasema, “huyo mama ni weye.”

Akacheka tena. “Miye? Miye nitafanya nini Kavumu?”

Idrissa akachukua simu yangu, akabonyeza irekodi, akamuambia kwa upole, “Maman, muite Delphin kama unavyomuitaka nyumbani, akichelewa kuja kunywa chai.” Adolphine akaita, bado anacheka. Idrissa akacheza ile ya sasa, halafu ile ya odio. Halafu tena ile ya sasa. Hakukuwa na haja ya mara ya tatu.

Akakaa chini. Si kwenye kiti, chini.

“Ilikuwa asubuhi ya kuondoka,” akasema. “Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nilisikia anapiga kelele, nikadhani anabishana na mutu. Nikamuita. Akakuja, simu kwenye mukono. Nikamuuliza, unagombana na nani? Akasema, na redio, maman. Akakunywa chai, akavaa buti.” “Hakuwa bado ameenda, Zabibu. Alisema niko Kavumu, na iko kwa migomba yangu. Alisema maman usiogope, na miye niko pale, naona mugongo wake.”

Nililia mbele yake, na sikuona haya. Nililia na nikatukana pia. Nilimutukana mutu yule, sijui ni nani, aliyemupa kijana maneno ya kusoma kabla hajaona hata risasi moja, kwa sababu alijua Bukavu inapenda ile sauti. Huyo mutu hajaitwa shujaa, hajaitwa adui. Yuko mahali, anakula. Nilimuwaza pia Laurette anafungua vikwembe vyake sokoni, kwa neno la kijana aliyekuwa bado hajakunywa chai.

Adolphine hakwenda Uvira. Kutoka kwangu alikwenda kwa miguu mpaka kwa Papa Jacques, akapiga magoti mulangoni, akamuambia akamuone padri. Maana hakuna odio hata moja iliyotoka vitani. Kutoka vitani, tangu siku ile ya buti, hakukuja kitu.

Kilio kiliwekwa Cimpunda, turubai likafungwa mpaka kwenye migomba. Picha ya Delphin kwenye kiti, amevaa koti la promo. Mwili hakuna. Nilikaa na wamama wa Kikatoliki, wao na rozari zao, miye na tasbihi yangu. Motari walikuja, wakapiga honi zote pamoja barabarani. Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilikuwa mujinga.

Juzi, kabla ya mvua, mwanamuke mumoja alikuja kwa meza yangu kuchaji simu. Alikuwa mugeni, matope ya njia ya Kamituga mpaka magotini. Alijiita Maman Virginie. Alikuwa ametembea siku kadhaa na simu iliyozima, na ilipowaka tu, hakungoja ijae, akaiweka kwenye sikio. Nikaona uso wake unabadilika, nikajua. Nikaijua kabla hajanionyesha.

“Imenifikia njiani,” aliniambia, ananong’ona, machozi yanashuka na anacheka. “Wanasema ni ya wiki hii. Huyu kijana walienda pamoja na mwanangu, kikundi kimoja, siku moja. Tangu hapo sijasikia kitu. Walinishauri niweke kilio. Sasa sikia! Kama huyu iko muzima, na wangu iko muzima. Si kweli, maman?”

Nilifungua mudomo. Hasira yote ya mwaka mzima ilikuwa pale kwenye ulimi, na ukweli ukiwa tayari. Adolphine alikuwa amesimama nyuma ya beseni lake, na kitambaa cheusi kichwani. Mugeni hakukiuliza, Bukavu ya sasa nani hana kitambaa cheusi? Adolphine akaniwekea mukono kwenye bega, akanibonyeza kwa nguvu.

“Huyo kijana,” akasema, “ni mutoto wangu.”

Yule mwanamuke akamushika mikono yote miwili, na samaki ndani yake. “Ee Mungu! Mama yake! Basi niambie, iko muzima?”

Motari walikuwa wanaita abiria. Nilimuangalia, namuomba kwa macho, sijui namuomba nini.

“Si unamusikia,” akasema.

Mwanamuke akalia kwa furaha. Akamubusu mikono. Akaweka tena simu kwenye sikio, anatikisa kichwa kwa kila neno. Alikuwa ameisikiliza njia nzima mpaka betri ikakata, anajua hata pumzi zake. Halafu akakunja uso kidogo, anasikiliza sana.

“Na huyu anayeita kwa nyuma, ni nani?”

“Kuko mama mumoja huko,” Adolphine akamuambia. “Anawapikia chai. Wote.”